Injini ya boti ikilala miezi: namna ya kuiandaa hapa Goma

Kitabu cha injini ya ndani ya boti, hasa injini iliyotengenezwa Ulaya, Marekani au Japani, karibu kila mara kina sura ya kuilaza injini majira ya baridi. Hapa Goma sura hiyo hurukwa. Ziwa Kivu haligandi. Asubuhi ya baridi kabisa tunavaa sweta na kazi inaendelea, kwa hiyo nahodha anaona hayo ni mambo ya watu wa theluji. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kazi iliyoelezwa katika sura ile, ukiondoa barafu, ndiyo kazi ambayo injini zinazosimama kwenye ziwa hili zinaihitaji.

Kule kwenye theluji tatizo linaonekana mara moja. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, chuma cha bloku (mwili wa injini) hakina pa kutanukia, kinapasuka. Usiku mmoja unatosha. Huku kwetu uharibifu huja polepole, na ndiyo maana haumstui mtu. Maji ya Kivu yametoka kwenye ardhi ya volkano: yamebeba bikaboneti, sodiamu na magnesiamu kwa wingi, na pH yake juu ya ziwa huzunguka 9. Yakipata joto ndani ya injini huacha ukoko mweupe, kama ule wa birika la chai. Aluminiamu haivumilii maji yenye ualikali kiasi hicho. Na pale ambapo shaba, chuma na aluminiamu zimekutana ndani ya maji ya namna hiyo, umeme mdogo hupita kati yake, na metali iliyo dhaifu huliwa. Boti ikitembea kila siku, maji yanabadilika na oili inafunika chuma. Boti ikisimama, kila tone linabaki mahali pake likiendelea kula.

Na boti husimama. Spea imeagizwa na haifiki, usafiri wa ziwani umefungwa, mbao za chini zinabadilishwa, mwenyewe amefiwa. Kipimo ninachofuata ni hiki: ikiwa boti itasimama chini ya mwezi mmoja, iwashe kila wiki au wiki mbili na uipe mzigo, yaani itembee ziwani nusu saa au zaidi hadi injini yote ipate joto. Kuiwasha dakika tano ikiwa imefungwa gatini na kuizima ni kuidhuru, kwa sababu unyevu na mazutu (dizeli) ambayo hayakuungua hushuka ndani ya oili na hayapati joto la kuyatoa. Ikiwa itapita mwezi, fanya kazi yote iliyo hapa chini.

Kabla ya kushika spana

Kama boti imevutwa nchi kavu, angalia ulipoiweka. Ukanda wa ziwa kutoka magharibi ya Goma kuelekea mji wa Sake una mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kujaa kwenye mabonde na mashimo. Haina rangi, na hukaa chini. Tumbo la boti lililowekwa kwenye bonde ni shimo ndani ya shimo, na makanika anayefanya kazi humo ameinamisha kichwa hadi chini kabisa. Asubuhi kabla upepo haujavuma ndiyo saa mbaya zaidi. Weka boti mahali palipoinuka, fungua vifuniko vyote mapema, na usifanye kazi peke yako. Ukisikia kichwa kizito na pumzi inakukimbia, panda juu kwanza, maswali baadaye. Ukimwona mwenzako ameanguka humo, usimfuate ukiwa umeinama. Mwite mtu, mfunge kamba, mvuteni kutoka juu.

Kisha jua injini yako inapozwa vipi, kwa sababu kazi ya antijeli, ile dawa inayochanganywa na maji ya kupozea injini ili yasigande, inategemea jibu hilo. Fuata mipira kwa mkono. Ikiwa maji ya ziwa yanaingia kwenye pampu na kwenda moja kwa moja ndani ya bloku, injini yako inapozwa na ziwa lenyewe. Ikiwa kuna tangi dogo lenye kifuniko cha presha, kama la gari, na pembeni yake silinda ya shaba au ya chuma ambamo maji ya ziwa yanapita ndani ya vibomba, una mizunguko miwili: mmoja umefungwa na una antijeli, mwingine ni wa ziwa. Hicho chombo cha vibomba ndicho kinachobadilisha joto kati ya mizunguko hiyo. Aina ya tatu ni ile ambayo bomba la kupozea limefungwa nje chini ya boti, na maji ya ziwa hayaingii ndani ya injini hata kidogo. Injini ya lori iliyofungwa ndani ya boti ya mbao inaweza kuwa na mpango wowote kati ya hii mitatu, kulingana na fundi aliyeifunga, kwa hiyo usiamini ulichoambiwa. Fuata mpira.

Vifaa: oili mpya na filta yake, filta za mazutu, antijeli isiyochanganywa, maji ya betri, ndoo ya lita 20, bidoni (madumu) tupu za kupokea uchafu, waya mgumu, vitambaa safi, grisi, multimita, na kalamu ya wino usiofutika. Hiyo kalamu utaiona ni ya maana baadaye.

Mazutu

Anza na tangi. Tangi nusu tupu linapumua: mchana hewa inapata joto na kutoka, usiku hewa yenye unyevu wa ziwa inaingia, unyevu huo unageuka matone ya maji kwenye ukuta wa ndani na kushuka hadi chini. Kati ya maji na mazutu ndipo vijidudu vinapoota, na baadaye unakuta uteute mweusi kwenye filta. Jaza tangi karibu lijae, ukiacha nafasi ndogo ya kutanuka. Kama tangi ni kubwa na fedha hazitoshi, fanya kinyume chake: toa mazutu yote, lipanguse, liache kavu. Katikati ndipo penye hasara.

Mazutu ya kadhafi, muuza mafuta wa barabarani, si lazima yawe mabaya, lakini yamepita bidoni nyingi kabla ya kufika kwako. Chukua chupa ya plastiki iliyo wazi, ijaze, iache usiku mzima isiguswe. Maji na uchafu vitakaa chini, utaviona asubuhi. Mazutu yaliyofaulu kipimo hicho ndiyo uyaweke kwenye tangi la kulaza.

Fungua kizibo cha chini cha filta inayotenganisha maji, acha yatiririke hadi yatoke mazutu safi. Badilisha filta, toa hewa kwenye mfumo, washa injini uhakikishe inanguruma sawasawa. Kama ni injini ya esansi (petroli), habari ni nyingine: esansi huharibika haraka kuliko mazutu, kwa hiyo hatua za hapa chini zinazotaka injini iwashwe zikiisha, itoe, na uache kabureta ikauke kwa kuiacha injini ichome kilichobaki.

Oili

Oili ya zamani imebeba asidi, masizi na maji. Ukiiacha miezi mitatu inakaa juu ya beringi na kuzila. Wengi husema, nitabadilisha siku ya kuanza kazi tena. Siku hiyo imechelewa. Oili safi inatakiwa wakati wa kulala.

Ipashe injini joto kwanza hadi kiwango chake cha kawaida, kwa sababu oili ya moto huondoka na uchafu, ya baridi huacha uchafu nyuma. Izime, itoe oili yote. Katika boti mara nyingi huwezi kufikia kizibo cha chini, hivyo tumia pampu ya mkono kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Badilisha filta, weka oili mpya ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu, kisha washa tena dakika chache ili oili mpya ifike juu kwenye valvu na kwenye beringi zote. Angalia na giaboksi. Oili yake ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na kazi ya kulaza inasimama hapo hadi ujue yamepita wapi.

Antijeli ya mzunguko uliofungwa

Hapa ndipo napenda nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wa Goma wanapodhani wanaokoa fedha.

Antijeli inafanya kazi tatu, na kuzuia maji yasigande ni moja tu. Ya pili ni kupandisha kiwango cha kuchemka. Goma iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 kandokando ya ziwa, na kwa mwinuko huo maji ya kawaida huchemka kwenye karibu nyuzi 95, si 100. Injini iliyobuniwa kwa usawa wa bahari inafika huku ikiwa imepoteza nyuzi tano za usalama. Antijeli nusu kwa nusu pamoja na kifuniko cha presha kilicho kizima huzirudisha na kuongeza. Ya tatu, na kwa boti inayolala ndiyo kubwa, ni dawa za kuzuia kutu zilizochanganywa ndani yake. Dawa hizo huisha. Antijeli ya miaka mitano iliyopita inaweza bado kuwa na rangi nzuri na kuzuia barafu ya Siberia, huku kinga yake ya kutu imekwisha kabisa. Aina za zamani hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Aina mpya zenye asidi za kikaboni hufika hata mitano. Rangi haikuambii ni aina gani, kwa sababu kila kiwanda hupaka rangi kinavyotaka. Soma maandishi ya bidoni, na usichanganye aina mbili: baadhi zikikutana hutengeneza uji unaoziba vibomba.

Maji ya kuchanganyia yana umuhimu sawa na antijeli yenyewe. Maji ya ziwa nimekwisha kuyasema. Maji ya bomba ya Goma nayo yanavutwa kutoka ziwani. Dawa ya kuua vijidudu haiondoi chumvi. Maji ya mvua yanaonekana safi, na katika miji mingine yangefaa, lakini mvua inayonyesha chini ya moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira hushuka na asidi na floridi. Usiyatie ndani ya injini. Nunua maji ya betri, na dukani uangalie vizuri kwamba ni maji yaliyosafishwa, wala si asidi ya kujazia betri mpya, kwa sababu chupa zake zinaweza kufanana.

Sasa kazi. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha presha. Ikiwa ya moto usikiguse: maji yaliyo chini ya presha hulipuka kuwa mvuke usoni. Fungua vizibo vya chini vya bloku na vya kibadilisha joto, pokea yote ndani ya bidoni. Kama kizibo kimefunguliwa na hakuna kinachotoka, usiseme pametoka yote. Chomeka waya, kwa sababu mara nyingi tope na kutu vimeziba tundu na bloku bado imejaa. Suuza kwa maji safi hadi yatoke meupe, halafu mara ya mwisho kwa maji ya betri.

Kuna hila ya kipimo. Hata ukifungua vizibo vyote, lita moja au mbili hubaki kwenye mikunjo ya bloku. Ukimimina mchanganyiko ulioandaliwa tayari nusu kwa nusu, hayo yaliyobaki yataupunguza nguvu. Kwa hiyo soma ujazo wa mfumo kwenye kitabu. Tuseme ni lita 12. Mimina kwanza lita 6 za antijeli isiyochanganywa, kisha jaza kilichobaki kwa maji ya betri hadi juu. Hata kama yatakayoingia ni lita 5 tu badala ya 6, mchanganyiko ndani ya injini utakuwa nusu kwa nusu. Usitie antijeli tupu bila maji ukidhani nyingi ni bora. Antijeli peke yake huchukua joto vibaya kuliko mchanganyiko wake, na hata barafuni haifanyi vizuri zaidi.

Washa injini na uiache hadi thermostati, ile valvu inayofunguka kwa joto, ifunguke. Hatua hii haina njia ya mkato. Thermostati ikiwa bado imefungwa, antijeli inazunguka njia ya pembeni na bloku inabaki na maji yale yale ya zamani. Utajua imefunguka mpira wa juu ukipata joto ghafla na kiwango cha tangi kikishuka. Ongeza, izime, ipoe, pima tena. Kama una kipimo cha nguvu ya antijeli, tafuta alama ya karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Hiyo ndiyo nusu kwa nusu. Hatutaiona baridi hiyo Goma, lakini namba inakuhakikishia kwamba dawa ya kutu nayo ipo kwa kiasi kilichokusudiwa.

Upande wa maji ya ziwa

Kama injini yako ina kibadilisha joto, upande wa ziwa ni pampu, mipira, vibomba na njia ya moshi yenye maji. Kama inapozwa na ziwa moja kwa moja, upande wa ziwa ni injini nzima.

Funga koki ya maji ya ziwa. Fungua chujio na ulisafishe. Utakuta majani, konokono na mifuko ya plastiki. Chomoa mpira wa kuingizia maji kwenye koki, utumbukize ndani ya ndoo iliyojaa maji safi, na mtu mmoja asimame na bidoni nyingine akiongeza. Washa injini mwendo wa chini kabisa. Kazi ya mtu wa ndoo ni kuangalia ndoo tu, asiangalie kitu kingine. Impela, lile gurudumu la mabawa ndani ya pampu, ni ya mpira na hupozwa na maji yanayopita. Ikizunguka kavu, chini ya dakika moja huanza kuungua. Pitisha ndoo kadhaa hadi maji ya bomba la moshi yawe safi.

Baada ya hapo una njia mbili, na zote ni halali.

Kwa injini yenye kibadilisha joto, mimi huchagua ukavu. Izime, fungua vizibo vyote vya upande wa ziwa, toa kifuniko cha kibadilisha joto, piga brashi laini ndani ya vibomba, acha hewa ipite. Humo ndani kwa kawaida ni shaba, na shaba iliyokauka haina shida.

Kwa bloku ya chuma inayopozwa na ziwa moja kwa moja, ukavu ni wa kujidanganya. Haikauki. Kuta zake zinabaki na unyevu na hewa, na chuma chenye unyevu na hewa hushika kutu haraka kuliko chuma kilichozama ndani ya antijeli. Hiyo uijaze. Tumia antijeli ya propilini glikoli, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi. Mara nyingi huwa ya rangi ya waridi. Kwanza toa maji yote ya bloku na ya bomba la kutolea moshi kupitia vizibo vyake, waya mkononi. Ondoa thermostati, au uhakikishe injini ina joto la kutosha kuifungua. Halafu ivutie antijeli kutoka kwenye ndoo hadi uone rangi yake ikitoka nyuma kwenye bomba la moshi, nzito na isiyopauka. Injini ndogo huchukua ndoo moja ya lita 20 au chini yake. Izime kabla ndoo haijaisha. Kinachotoka nyuma kipokee, nitaeleza sababu.

Ndugu anayefanya kazi ya boti Kanada au Ubelgiji akikuuliza, mwambie hatua hii kwake ni ya lazima na ina mtego. Antijeli ya waridi iliyoandikwa nyuzi 46 chini ya sifuri haimaanishi kwamba inabaki maji hadi hapo. Namba hiyo ni ya bomba kutopasuka. Yenyewe huanza kuwa uji mapema zaidi, karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na ikipunguzwa na maji yaliyobaki kwenye bloku kinga yake inaporomoka. Kwa hiyo kule nako, kutoa maji kwanza ndiyo kazi; antijeli inakuja kulinda kilichoshindikana kutoka.

Maliza upande huu kwa kutoa impela. Ikikaa miezi mabawa yake yamekunjwa upande mmoja, hubaki yamekunjwa. Ipake grisi ya silikoni au sabuni, wala si grisi ya kawaida, na uifunge kwenye mfuko wenye jina la boti. Sasa chukua ile kalamu, andika kwenye kipande cha boksi IMPELA IMETOLEWA, KOKI IMEFUNGWA, na ukifunge kwa kamba kwenye ufunguo wa kuwashia. Siku ya kuwasha anaweza kuwa mdogo wako, au nahodha mpya ambaye hakuwepo.

Angalia pia anodi, kile kipande cha metali kinachojitoa kuliwa badala ya injini. Kikiwa kimebaki nusu, badilisha. Zinki hufanya kazi vizuri baharini. Kwenye maji yasiyo ya bahari hujifunika ngozi na kulala, na hapo magnesiamu au aluminiamu hufaa zaidi.

Antijeli isiende ziwani

Naomba hapa unisikilize kwa moyo. Watoto wa Goma wanachota maji ya kunywa kandokando ya ziwa hili kila siku, hatua chache kutoka tunapofungia boti. Antijeli ya kawaida ni ethilini glikoli. Ina ladha tamu, na ni sumu inayoua figo. Kiasi kidogo humwua mbwa, na mtoto hahitaji nyingi. Usiimwage ziwani, wala kwenye mawe ya lava ya ufukweni, kwa sababu yale mawe yana nyufa na kila kitu hushuka hadi majini. Ile ya waridi ina sumu ndogo, lakini ikishapita ndani ya injini imebeba shaba, risasi na oili, kwa hiyo nayo ihesabu kama uchafu.

Pokea yote kwenye bidoni. Mji huu unaishi kwa bidoni ya njano: ya maji, ya mafuta ya kula, ya pombe ya mandale, zote ni moja. Kwa hiyo bidoni ya antijeli uitoboe mpini au uipake rangi pande zote, uandike SUMU kwa herufi kubwa, na kamwe isirudi kutumika kwa kitu cha kunywa hata ikioshwa mara kumi. Antijeli iliyo safi na bado mpya unaweza kuihifadhi kwa matumizi mengine. Iliyochoka iweke mbali na oili chafu, kwa sababu anayepokea oili ya zamani garajini haitaki ikiwa na glikoli ndani. Mtu akiinywa, asisubiri dalili: mwanzoni ataonekana kama mlevi tu, na figo huanza kufa baadaye. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo pamoja na bidoni ili daktari asome ilikuwa nini.

Hewa, moshi na wadudu

Valvu kadhaa hubaki wazi injini inaposimama, hivyo unyevu huingia kwenye silinda kutoka pande zote mbili. Ziba mdomo wa kuingiza hewa na mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa kilicholoweshwa oili na kufungwa kwenye plastiki. Kama bomba la moshi lina chungu cha maji, litoe maji kwanza. Nyigu hujenga udongo kwenye kila tundu, panya hula nyaya, na majivu ya Nyamulagira yakishuka hukwaruza kama msasa. Vizibo vinazuia vyote vitatu. Viandike kwenye kile kipande cha boksi.

Injini ya esansi hupuliziwa oili nyepesi ya kulaza kupitia mdomo wa hewa ikiwa bado inanguruma, kabla ya kutoa impela, halafu kidogo kwenye kila silinda kupitia tundu la buji (plagi). Usimfanyie hivyo dizeli anayenguruma. Dizeli huweza kuichoma oili hiyo kama mazutu na kupandisha mwendo bila kusikia amri ya kuzimwa. Kwake, ondoa injekta ikiwa unajua kuzirudisha, weka kijiko cha oili kwa kila silinda, zungusha kwa mkono; kama hujui, ziache na uzungushe tu injini kila wiki mbili mkono wa kuzima ukiwa umevutwa, ili ringi zisishikane na ukuta.

Betri na mengineyo

Chomoa hasi kwanza, kisha chanya. Betri iliyojaa ya volti 12 husoma karibu 12.7 baada ya kupumzika. Ikishuka chini ya 12.4 irudishe kwenye chaji, kwa sababu betri inayolala bila chaji hujenga salfati na haiamki. Sola ndogo yenye kidhibiti inatosha kuitunza nyumbani. Legeza mikanda. Paka grisi kwenye mhimili na nyaya za usukani. Funika kwa turubai lililoachwa wazi pembeni. Turubai lililobana kabisa hutengeneza mvua yake ndani.

Boti inayobaki majini ina kazi moja zaidi: mtu wa kuitembelea. Kila mvua kubwa, atoe maji tumboni. Boti iliyozama gatini kwa maji ya mvua haisaidiwi na antijeli yoyote.

Siku ya kuamka

Soma kipande cha boksi. Ondoa vizibo, rudisha impela, ibadilishe ikiwa ina nyufa kwenye shina la mabawa. Toa ile antijeli ya upande wa ziwa kupitia vizibo vya bloku hadi kwenye bidoni, kabla ya kufungua koki. Kaza mikanda, pima oili; ikiwa imepanda juu ya alama, kuna maji au mazutu yameingia, usiwashe. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, halafu kwa starta huku mkono wa kuzima ukiwa umevutwa, hadi taa ya presha ya oili izimike. Ndipo uiachie mazutu. Fungua koki kabla ya kuwasha, kisha mtu mmoja aende nyuma kuangalia maji yanatoka kwenye bomba la moshi. Yasipotoka katika nusu dakika, zima na urudi kwenye pampu. Yakitoka, acha injini ipate joto gatini, pitisha mkono kwenye kila kibano cha mpira kutafuta unyevu, na safari ya kwanza iwe fupi, ufukwe ukionekana, macho yako yakiwa kwenye mshale wa joto. Kiwango cha antijeli kitashuka kidogo hewa iliyobaki ikitoka. Injini ikishapoa, ongeza, na usikie mikanda tena kwa kidole, kwa sababu hulegea baada ya saa za kwanza za kazi.